Simu Iliyozima Saa Tano

Kangemi, Nairobi
14 Aprili 2025

Mwanangu Hanif,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute wewe na wazazi wako mkiwa na afya. Sisi huku wazima. Idd tuliila vizuri, ila mvua ilitupiga siku ya pili hata biriani ikaliwa ndani, watu kumi na mmoja chumba kimoja. Rumaisa wangu amepata kazi kwenye duka la vitambaa mjini, anaondoka alfajiri na kurudi amechoka, lakini anarudi akicheka. Mwambie baba yako goti lile alipake mafuta ya habasoda, asingoje kuambiwa mara tatu na dada yake.

Utashangaa nimekuandikia kwa kalamu. Sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Unaijua kazi yangu. Huu ni mwaka wa kumi na moja natembea nyumba hadi nyumba hapa Kangemi, natazama wajawazito, watoto wachanga, wazee wenye sukari na presha. Nilikuwa na daftari. Mwaka jana mradi wa afya tunaoufanyia kazi ukampa kila mhudumu simu, na ndani yake programu iitwayo Mlango kwa Mlango. Ukiingia nyumba unaifungua, unajaza majibu ya mgonjwa, yanakwenda kwa wakubwa. Siku ya kupewa mimi ndiye niliyepiga vigelegele, Mungu anisamehe.

Hanif, simu hii naitoa kwenye umeme saa kumi na mbili asubuhi imejaa kabisa. Saa tano imezima. Nimefungua nyumba nne tu, au tano. Nyumba zilizobaki naandika kwenye karatasi, na jioni nikiichaji nijaze, inakataa. Inasema niko mbali na nyumba hiyo. Niko mbali, ndiyo, niko kwangu, ulitaka niwe wapi jioni?

Ijumaa kwenye mkutano, Jamleck, msimamizi wetu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alisimama mbele ya watu ishirini na sita akaniita kwa jina.

"Mama Rumaisa, hii simu ni ya kazi. Si ya wajukuu kuangalia katuni. Sistimu inaonyesha kila siku kutoka saa tano umezima simu, umeenda kulala."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sina mjukuu."

Watu wakacheka. Akasema, "Basi ni wewe ndio unaangalia."

Mimi! Wakati wa korona watu walipojifungia, nilikuwa nasimama nje ya madirisha nikiuliza habari za wagonjwa. Leo naambiwa nimelala.

Nimeapa sitaigusa simu ile kwa jambo langu lolote, hata kumpigia kaka yangu. Ile yangu ndogo iliharibika tangu mwaka jana. Kwa hivyo barua, na jirani yangu anayesafiri kwa basi ndiye posta.

Wewe ni mtu wa kompyuta. Niambie: simu inaweza kumsingizia mtu? Au kuna kosa nalifanya mimi na silijui?

Shangazi yako,
Mabruka


Kibokoni, Mombasa
27 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka kwa wote. Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya iliki, nadhani jirani yako aliiweka pamoja na viungo. Baba ameisoma sehemu ya goti akanuna, lakini usiku ule ule nilimwona na chupa ya habasoda. Mama anasema joto la mwaka huu halijawahi kuonekana. Mimi bado nafanya kazi ya ile kampuni ya Nairobi nikiwa hapa hapa nyumbani, kwa mtandao.

Nimesikitika sana kwa maneno uliyoambiwa. Si haki.

Kuhusu simu, jaribu kupunguza mwanga wa kioo. Zima programu usizozitumia. Usiiache juani. Na nikuulize: je, simu hupata joto mfukoni hata kama hujaigusa? Na chaji huisha haraka zaidi ukiwa ndani ndani, kwenye vichochoro vya mabati, kuliko ukiwa karibu na barabara kubwa?

Simu nyingi zina matatizo ya betri, Shangazi. Ni vigumu kusema kwa mbali. Nitauliza watu.

Mwanao,
Hanif


Kangemi
19 Mei 2025

Hanif,

Waalaykum salaam. Nimechelewa kujibu, utaona kwa nini. Rumaisa mzima. Mvua imebomoa ukuta wa choo cha ploti yetu na mwenye nyumba hapatikani.

Ushauri wako niliufuata. Mwanga nikaupunguza hata nikawa nasoma kwa kukisia. Programu nisizozitumia? Ndani ya simu ile hamna kitu kingine! Wamefunga hata kamera. Na ndiyo, inapata joto mfukoni bila kuguswa, kama nimebeba yai lililochemshwa. Na ndiyo, vichochoroni inakufa upesi zaidi. Ulijuaje kuuliza hivyo?

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Jumatano tarehe saba nilikwenda kwa Lornah, mwanamke kijana anayekaa ploti za chini karibu na mto, mimba ya miezi minane. Nilimkuta ameketi kitandani, uso umevimba hata macho yamekuwa madogo. Akaniambia, "Mama, kichwa kinaniuma toka jana, na naona vitu vinametameta." Hanif, mimi si daktari, lakini miaka kumi na moja inatosha kujua maana ya maneno hayo. Presha ya mimba. Mtu wa kupelekwa hospitali saa ile ile.

Nikatoa simu. Kwenye Mlango kwa Mlango kuna kitufe chekundu cha dharura. Ukikibonyeza, ujumbe unakwenda zahanati na namba ya gari la wagonjwa inatokea. Nilikibonyeza. Kioo kikaandika "Subiri". Nikasubiri. Kikazima. Ilikuwa saa tano kasoro dakika chache.

Namba ya gari ilikuwa ndani ya simu, na simu imekufa. Mume wa Lornah alikuwa kazini na simu yao. Nilibisha milango sita, watu wote wako vibaruani. Wa saba alinipa simu yake, lakini nimpigie nani? Zamani namba zote zilikuwa kwenye jalada la daftari langu, na daftari walilichukua siku ya kutupa simu, wakasema hatulihitaji tena!

Mwuza maji mmoja, Waithaka, alimwaga mitungi yake yote chini, tukamlaza Lornah kwenye mkokoteni. Tulisukuma kutoka mtoni mpaka Waiyaki Way, kwenye matope. Kisha tukasimama barabarani tukipunga mikono mpaka gari moja likasimama. Saa nzima na nusu, Hanif, tangu kitufe kile hadi mlango wa hospitali. Lornah alikuwa ameanza kutetemeka mwili mzima.

Walimpasua. Lornah yuko hai.

Siku ya tatu Jamleck akaniita. Sistimu haionyeshi kwamba tarehe saba nilikwenda kwa Lornah. Inaonyesha mama mwenye dalili za hatari hakutembelewa na mhudumu wake. Nikamwambia waulize wauguzi, nani alimfikisha? Akasema, "Mama, mimi naenda na vile rekodi inasema." Wamenisimamisha kazi. Simu wameichukua, wameiweka kwenye bahasha kama ushahidi wa wizi.

Ulisema utauliza watu. Umeuliza?

Mabruka


Mombasa
22 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Mama alikuwa na homa, amepona. Baba anakuulizia kila siku, nami namwambia uko salama.

Nimelifanyia uchunguzi jambo lako. Nilichukua simu mbili za aina ile ile mnayopewa, nikaiweka programu katika moja tu. Nilizibeba siku nne, kutoka Kibokoni hadi Makadara na kurudi, bila kuzigusa. Ile isiyo na programu, jioni ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Ile yenye programu ilizima baada ya muda wa saa tano na dakika kumi. Mara nne, karibu sawa sawa.

Kwa hivyo hukukosea, Shangazi. Simu haikuwa na wajukuu. Kosa ni la programu. Inaizuia simu kulala. Simu ikiwa mfukoni inatakiwa isinzie, iamke ikiitwa. Hii haipati hata dakika moja ya usingizi.

Waliotengeneza wanajua sasa. Nimezungumza na wanaohusika. Naomba uvute subira kidogo.

Nashukuru Mungu kwamba Lornah aliokoka.

Hanif


Kangemi
8 Julai 2025

Hanif,

Salamu za Mungu ni wajibu, nimekupa. Habari za nyumbani utazipata kwa Rumaisa.

Subira niliivuta wiki mbili. Wiki ya tatu nikamwambia Selpher Awuor, mhudumu mwenzangu, anipeleke mjini kwa hao waliotengeneza. Selpher hana maneno mengi. Alifunga kilemba, akabeba mwavuli, tukaenda. Alijua jengo kwa sababu jina la kampuni limeandikwa chini ya programu kwa herufi ndogo za kijivu.

Gorofa ya tisa. Mlinzi alituuliza kama tumekuja kufanya usafi. Selpher akamwambia, "Ndiyo, tumekuja kusafisha, tuonyeshe uchafu uko wapi." Tukapita.

Alitupokea kijana mmoja mpole, Nthiwa. Alitupa viti, akatupa chai, na kwa kweli alitusikiliza. Na nikiwa nasimulia, macho yangu yakaenda ukutani. Kulikuwa na meza ndefu, simu kama thelathini zimepangwa, kila moja ina waya wa chaja umechomekwa, kama wodi ya wagonjwa wenye dripu. Nikamwuliza, "Hizo za nani?"

"Ni za kufanyia majaribio, Mama. Kila toleo jipya tunalijaribu hapo kabla halijawafikia nyinyi."

"Na hizo waya hutolewa lini?"

Akaniangalia. Akaziangalia simu. Akasema, "Hazitolewi."

Basi Hanif, nilikaa nikacheka, kicheko kibaya. Programu ya watu wanaotembea kutwa kwenye matope inajaribiwa juu ya meza, imeshikizwa ukutani, na mtandao wa ofisini juu yake! Nikamwuliza nani aliyeamua simu isilale. Yule mtoto hakuwa na hila. Alifungua kompyuta akatazama, akasema, "Hiyo sehemu iliandikwa mwaka juzi. Ni Hanif, yuko Mombasa. Ni mzuri sana, Mama, hata angekusaidia."

Selpher aligeuka akanitazama, kwa sababu jina lako analijua. Nimelitaja mara nyingi mbele yake. Kwa fahari.

Sikumwambia kijana yule wewe ni nani kwangu. Chai ilinishinda, nikaiacha.

Sasa nimeelewa ulijuaje kuuliza habari za joto la mfukoni. Ulijua tangu barua yangu ya kwanza. Nilikuandikia, "Au kuna kosa nalifanya mimi?" na wewe ukanijibu nipunguze mwanga! Ukaniacha nirudi kwenye vichochoro vile na simu ile, wiki moja na siku tatu baada ya barua yako, mpaka tarehe saba ikafika. "Waliotengeneza wanajua sasa." Waliotengeneza! Ulishindwa kuandika neno moja fupi, "mimi"?

Jamleck aliniita mwongo naye hanijui. Wewe unanijua.

Mabruka


Mombasa
29 Julai 2025

Shangazi,

Sitakuuliza hali, kwa sababu najua. Shikamoo.

Ni mimi. Niliandika sehemu ile. Neno lilikuwa fupi na nilishindwa.

Nitakueleza ilivyokuwa, wala sielezi ili unihurumie. Mwaka juzi mradi ulitaka uhakika kwamba wahudumu wanatembea kweli. Kihara, mkubwa wetu, akasema kila simu itaje ilipo kila baada ya sekunde ishirini. Nikaandika: simu isilale, iulize setilaiti iko wapi, itume jibu, irudie tena. Ilikuwa ya majaribio ya wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, ikafanya kazi vizuri mezani, hakuna aliyeuliza, nami sikuitoa.

Mezani simu ina umeme na mtandao. Vichochoroni kwenu mabati yanaziba, mtandao hafifu. Ujumbe ukishindwa kwenda, niliiambia simu ijaribu tena papo hapo, bila kupumzika. Ni kama mtu anayepiga kelele mahali ambapo hasikiki, na kadiri asivyosikika ndivyo anavyozidi kupaza sauti. Nguvu yote ya betri iliishia huko. Tulitengeneza kitu cha kuthibitisha kwamba mnatembea, na hicho ndicho kikawazimia simu, na simu ikizima kinaandika kwamba hamkutembea.

Barua yako ya kwanza ilipofika, nilijua kabla sijamaliza ukurasa. Nilijiambia huenda ni betri mbovu. Niliogopa, Shangazi. Sina kingine cha kusema hapo.

Baada ya barua ya pili nilimpigia Kihara. Akaniambia, "Waambie wanunue pawabenki za kuchajia njiani." Nikamweleza majaribio yangu. Akasema tukikiri leo, mradi utauliza miezi hii kumi na minne tangu simu zitolewe tulikuwa tunafanya nini. Nikarekebisha bila ruhusa. Sasa simu inataja ilipo mara moja tu, mhudumu anapofungua nyumba. Ujumbe unakusanywa na kutumwa kwa pamoja mtandao unapopatikana. Ikishindwa, inangoja dakika, kisha dakika mbili, kisha nne. Namba za dharura zinaonekana bila mtandao. Na ukijaza jioni haikatai. Nimeibeba wiki nzima, jioni imebaki na chaji zaidi ya nusu kila siku. Ilinichukua siku sita, Shangazi. Siku sita tu, na miezi yote ile nilikuwa nazo.

Kihara alikataa kuitoa kwa watu. Jumatatu niliandika ripoti kurasa nne, nikaweka vipimo vyote, nikaandika nani aliandika nini, jina langu likiwa la kwanza. Nikaeleza kwamba mhudumu Mabruka na wenzake wanaonekana wamezima simu kwa sababu ya kosa letu, na kwamba rekodi ya tarehe saba Mei isiaminiwe. Nimeituma kwa mradi moja kwa moja, na nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Kihara ameniambia nisiingie tena kwenye mtandao wa kampuni. Sawa.

Baba na mama hawajui.

Hanif


Kangemi
2 Septemba 2025

Hanif,

Assalaam alaykum. Baridi ya Julai imekwisha, tumerudishiwa jua kidogo. Rumaisa amechumbiwa, utasikia kwa mama yako, usijifanye hujui. Choo hatimaye kimejengwa, tulichanga wapangaji wenyewe.

Ripoti yako niliisoma mara tatu, Selpher akaisoma moja akasema, "Huyu sasa ameandika kama mtu."

Ijumaa waliitisha mkutano. Tulikuwa ishirini na sita wale wale, na mgeni mmoja kutoka ofisi ya mradi. Simu zimepangwa mezani, zina toleo jipya. Jamleck akasoma karatasi: "Kumekuwa na hitilafu ya kiufundi ambayo sasa imerekebishwa. Wahudumu wote waendelee na kazi." Akaanza kuita majina tuchukue simu. Akaita langu.

Sikwenda. Nikasimama pale pale nilipokuwa.

Nikasema, "Hitilafu ya kiufundi haina jina, lakini mimi ninalo, na uliliita hapa. Ulisema naangalia katuni. Ulisema nimelala."

Akasema, "Mama, hayo yalipita. Pole."

Nikamwambia, "Pole anapewa mtu aliyejikwaa. Mimi sikujikwaa. Nilisukumwa."

Kisha Selpher akainuka. "Na mimi niliambiwa nacheza kamari na simu. Mimi, mzee wa kanisa." Akainuka mwingine nyuma, yule aliambiwa ameuza betri. Halafu mwingine. Hanif, sikujua. Kila mmoja alikuwa ameitwa peke yake ofisini, akabeba aibu yake akaenda nayo nyumbani, akidhani simu yake ndiyo pekee. Tisa walikuwa wamesimama. Wawili walikuwa wameacha kazi kabisa hata kabla ya ule mkutano wa Aprili, na hao hakuna aliyewaita.

Yule mgeni wa mradi akamnong'oneza Jamleck. Jamleck akaiweka karatasi chini. Jasho lilikuwa linamtoka, nami nikaona ni kijana tu, naye alikuwa akionyeshwa vidoa vyekundu kwenye kioo cha kompyuta akaambiwa vidoa hivyo ndio sisi wahudumu.

Akasema, "Samahani, Mama Rumaisa. Hukuwa umelala." Akageukia wengine akawaomba mmoja mmoja, kwa majina. Ilichukua muda.

Ndipo nikaenda kuchukua simu. Sasa nikirudi nyumbani saa kumi na moja bado ina chaji. Nimenunua daftari pia, nimeandika namba zote kwenye jalada, na daftari hilo hakuna atakayelichukua tena nikiwa hai.

Wewe sijakusamehe bado. Naandika hivyo ili usidhani kurasa nne zimemaliza. Baba yako anamwuliza Rumaisa kwa simu kwa nini Mabruka hamtaji Hanif siku hizi. Mimi sitamwambia. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, ukimtazama.

Mabruka


Mombasa
21 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mama amefurahi sana kwa habari za Rumaisa, ameshaanza kugombana na watu kuhusu ukumbi. Mimi natengeneza simu kwenye kibanda cha rafiki yangu Abdulrauf. Watu huniletea zile zinazomaliza chaji, na mara nyingi betri ni nzima.

Nimemwambia Baba. Jana baada ya alasiri, barazani, tukiwa wawili. Nilimweleza yote tangu mwanzo, barua zako zote na zangu. Nilimweleza sekunde ishirini, mabati, meza ya gorofa ya tisa, ripoti, Kihara. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, na unajua si kawaida yake.

Nilipomaliza akaniuliza, "Yule mwanamke wa mkokoteni, jina lake nani?"

Nikasema, "Lornah."

"Na mtoto?"

Akaniangalia. "Umesema alikuwa na mimba ya miezi minane, wakampasua. Nimekuuliza mtoto."

Niliingia ndani nikazitoa barua zako. Nimezisoma zote upya hadi taa ikanichosha. Kila mahali umeandika Lornah. "Lornah yuko hai." Hukuandika mtoto popote, nami nilisoma nikamshukuru Mungu nikageuza ukurasa. Nimekuandikia saa na dakika. Nimekuandikia chaji iliyobaki jioni. Sikuuliza.

Nauliza sasa, Shangazi.

Hanif


Kangemi
4 Oktoba 2025

Mwanangu Hanif,

Assalaam alaykum, na msalimie kaka yangu, umwambie amezeeka bila kupungua akili.

Alikuwa msichana. Walimwita Nafula, maana siku ile mvua ilikuwa inanyesha na kwao jina hilo hupewa mtoto wa wakati wa mvua. Aliishi siku mbili. Nilikuwepo siku ya pili, mimi ndiye niliyemshika Lornah bega. Daktari hakuandika neno simu kwenye karatasi yake. Aliandika kwamba mama alifikishwa akiwa amechelewa.

Katika barua ya Mei sikukuandikia kwa sababu mkono ulikataa. Baada ya kujua ni wewe, sikukuandikia kwa sababu nilitaka uulize mwenyewe. Nimengoja tangu Julai.

Lornah anaendelea. Ameanza kuuza sukuma wiki sokoni, hazungumzi sana. Napita kwake kila Jumanne. Wiki jana, nikiwa najaza majibu yake kwenye simu, aliniuliza kama namjua aliyeitengeneza programu hiyo. Nikasema namjua. Nikasema ni mwana wa kaka yangu, nilimbeba mgongoni.

Alipanga mboga zake, fungu kwa fungu. Kisha akasema, "Mwambie aje."

Nimekuambia.

Shangazi yako,
Mabruka